Virusi wa Chooni na Mguu wa Dunstan

Nyie vijana wa maabara mna bahati na mna hasara. Bahati yenu ni mashine: mnaingiza sampuli jioni, asubuhi mnakuta jina la bakteria limeandikwa na dawa zinazomshinda zimepangwa. Hasara yenu ni pua. Mie nilikuwa nafungua kidogo tu kifuniko cha sahani ya kuoteshea bakteria, navuta hewa, nakwambia nani yumo ndani. Kuna bakteria mmoja mwenye usaha wa kijani ambaye ananuka kama mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Sisi tuliokulia Newala wakati wa msimu wa korosho hatumkosei. Najua siku hizi mnakatazwa kunusa, na anayewakataza ana haki. Nawaambia tu kwamba uwezo huo nilikuwa nao.

Sina haja ya unyenyekevu wa uongo. Diploma yangu niliilipia kwa kubeba viroba vya viazi sokoni Tandika. Hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono. Nauli ya kwenda Georgia, ile nchi jirani ya Urusi, nilijilipia. Nyumba yangu hapa Tegeta, yenye vigae na kisima, imetokana na kusoma sahani. Wapo madaktari wenye digrii mbili waliokuwa wakinipigia simu kuuliza, "Mzee Kasiani, hiki ni nini?" na mie nawajibu kabla hawajamaliza kueleza. Kwa hiyo ninapowaambia kwamba kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya haikumsaidia mtu niliyeifanya kwa ajili yake, mjue sitafuti wa kunihurumia. Nawapa jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu.

Kule Georgia niliajiriwa kuosha vyombo vya kioo. Wale watu wanatibu vidonda kwa virusi tangu zamani, wakati sisi wengine wote tulikimbilia antibayotiki na kusahau. Msishtuke. Si virusi wanaomuumiza binadamu. Hawa chakula chao ni bakteria, na kitaalamu wanaitwa faji. Kirusi anamganda bakteria, anaingiza mbegu yake ndani, anazaana humo mpaka bakteria anapasuka, na watoto wanatoka kwenda kutafuta mwingine. Hajali kama bakteria huyo amezoea dawa zote za dunia. Pale antibayotiki zinapogonga mwamba, yeye ndiyo kwanza anaanza kula. Tatizo lake ni moja: anachagua. Kila mmoja ana bakteria wake, na ukimpa mwingine hamgusi, anakaa pale kama mgeni aliyeandaliwa chakula kisicholiwa kwao.

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja mnene jina lake Nino, mkali, mvuta sigara, na mikono yake ilikuwa haitetemeki kamwe. Siku moja aliona nimechoka na chupa, akanituma nikachote maji ya kuwindia virusi. Mie, kijana msafi, nikapanda basi mpaka mlimani nikachota maji ya kijito yanayometa kama kioo. Nikarudi kifua mbele. Nino akayatazama kwenye mwanga, akayamimina kwenye birika la chai, akawasha jiko.

"Haya tunywe," alisema. "Kesho kachote nyuma ya hospitali, pale bomba linapotokea."

Nilikunywa chai ile huku wenzangu wanacheka kwa lugha nisiyoijua. Lakini nilielewa. Kirusi huyu anaishi palipo na chakula chake, na chakula chake kimo kwenye uchafu wa wagonjwa. Tangu siku hiyo, nikiingia mji mgeni naangalia mitaro kabla ya kuangalia majengo.

Niliporudi nyumbani nilidhani nitapokelewa kwa mikono miwili. Nikapata kazi kwenye maabara ya hospitali moja upande wa Temeke, na kila nilipotaja virusi watu waliangua kicheko. Mkuu wangu wa kazi aliniambia, "Kasiani, hapa hata sahani hazitutoshi, wewe unataka kufuga virusi?" Kuhusu sahani alisema kweli. Basi miaka ikapita nikiandika neno moja kwenye majibu ya wagonjwa: sugu, sugu, sugu.

Ninachojutia hasa ni ghala. Kwa Nino kulikuwa na makabati yamejaa virusi waliokwisha kuwindwa, kila chupa na jina lake. Mgonjwa akifika, wanajaribu waliopo, na wiki hiyohiyo anaanza kutibiwa. Mie nilikuwa na friji, nilikuwa na mitaro ya Temeke, nilikuwa na ujuzi ambao nchi nzima sijui nani mwingine alikuwa nao, na sikuwahi kujaza hata rafu moja. Nilingoja niruhusiwe. Tukawa watu wa kungoja mgonjwa aje ndipo tuanze kuwinda.

Na mgonjwa alipokuja, alikuwa shemeji yangu.

Dunstan alimwoa mdogo wangu Felista. Mngoni wa Songea, mwenye mdomo mwepesi na mabega mapana, kibarua wa Kurasini bandarini. Kazi yake ilikuwa kukaza vyuma vinavyofunga makontena yasicheze melini. Siku moja chuma kilimponyoka kikamchana muundi. Alifanya wanachofanya wengi huku kwetu. Alipita duka la dawa, akanunua rangi mbili, zile kapsuli zenye ganda nusu nyekundu nusu njano ambazo kila nyumba inazijua. Akazifungua, akanyunyiza unga wake kwenye kidonda kama anayetia chumvi kwenye samaki, akafunga kitambaa, kesho yake akaenda kazini. Kidonda kikafunga juu na chini kikaendelea. Mpaka analetwa hospitali, mguu ulikuwa umejaa kama gogo.

Sampuli yake niliisoma mwenyewe. Nilifungua kifuniko, nikakutana na mabibo. Tulimwekea bakteria yule vile vidonge vya karatasi vilivyolowekwa dawa, ambavyo vikimshinda vinaacha duara safi kuvizunguka. Hakukuwa na duara. Alikuwa ameota mpaka kwenye kingo za karatasi, kama majani yanavyoota mpaka ukutani.

Daktari wa upasuaji alikuwa Dokta Aneth, binti mdogo kwa umri lakini si wa kuchezea. Aliniita wodini, tukasimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo mzee wangu. Nimeona majibu yako. Umeniandikia sugu mpaka chini ya karatasi."

"Marahaba. Ndivyo alivyo."

"Basi nitakata chini ya goti. Nikichelewa nitakata juu."

Kwa mtu wa kazi ya bandarini, mguu ndiyo ajira. Nikamwomba anisikilize. Nikamweleza habari za virusi pale pale, na yeye hakucheka, nampa sifa hiyo.

"Ushawahi kufanya?" aliuliza.

"Kwa mikono hii."

"Kwa mtu?"

"Kwenye sahani. Kwa watu walifanya wao, mie natayarisha dawa."

Alifikiri. Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari kuzunguka mguu wa Dunstan, chini kidogo ya goti. "Wekundu ukiwa chini ya huu mstari, na homa ikawa tulivu, nasubiri. Wekundu ukiupita, nakata siku hiyohiyo, hata kama uko mlangoni na chupa yako."

Alilipeleka suala kwenye jopo la hospitali. Wakabishana, wakakubali kwa masharti: kidonda kioshwe kwa maji ya virusi yaliyosafishwa na kupimwa, hakuna sindano, mgonjwa aweke sahihi, na mie nithibitishe kwanza kwamba bakteria ni yuleyule. Nilitoka pale natembea kama nimeteuliwa.

Nikaenda kuwaambia Felista na Dunstan. Nilisimama katikati ya wodi, na sauti yangu mnaijua.

"Dawa zote za hospitali hii zimeshindwa," nikawaambia. "Iliyobaki ni ya kwangu."

"Shemeji," Dunstan akasema, "hao wadudu unawatoa wapi?"

"Chooni."

Dunstan akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Unawaona Wamakonde? Nimewalipia mahari mpaka ya mwisho, na bado wananiogesha maji ya choo."

"Ungelipa na yule mbuzi aliyebaki," nikamjibu, "ungeogeshwa maji ya bomba."

Wakacheka hata wasiojiweza. Felista naye alicheka, kisha akaniuliza taratibu, "Kaka, itachukua muda gani?" Nikamwambia si muda mrefu.

Kuwinda hakukuwa rahisi kama nilivyojitapa. Nilianza na bomba la hospitali yetu wenyewe, nikakuta virusi wa bakteria wengine, si wa kwetu. Nikachota mtaro wa Kurasini, nikapata mafuta ya malori. Ndipo nikamkumbuka Chande.

Chande alikuwa chura. Kwa wasiojua, vyura ni wale vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya vyoo na kuyatapisha kwa ndoo, pale gari la maji taka linaposhindwa kupita uchochoroni. Nilimkuta Tandika ananawa mikono. Nikamweleza shida yangu.

"Mzee, unataka cha nani?"

"Cha yeyote, Chande."

"Hapana mzee, usiseme hivyo, vinatofautiana. Kuna cha nyumba ya kupanga, kizito. Kuna cha gesti, hicho kina mipira. Kuna cha msikitini, maji matupu."

"Nataka cha mahali penye wagonjwa wengi."

"Aah, kuna nyumba iko nyuma ya zahanati, wanatumia shimo moja na wauguzi." Akaikagua chupa yangu ndogo yenye kizibo. "Mie siku zote watu wananilipa nitoe. Wewe ndiyo wa kwanza kunilipa nilete."

Jamani, nisikilizeni hapa. Asije mtu akasoma habari hii akaenda kumwagia kidonda maji ya choo. Utaua mtu. Maji yale nilikuwa nayachuja kwa chujio ambalo bakteria hawezi kupita na kirusi anapita. Halafu unamwaga tone kwenye sahani iliyotandazwa bakteria wa mgonjwa, na kirusi akimla panabaki tobo. Halafu unachukua tobo moja tu, unalizalisha peke yake, unachuja tena, unaosha sumu za bakteria waliopasuka, unapima. Tobo moja, narudia. Ukichukua mawili ukidhani unaharakisha, hutajua ni nani anafanya kazi na nani anakula bure. Mie niliwahi kufanya haraka hiyo mbele ya Nino, akaitupa kazi yangu ya wiki kwenye pipa.

Asubuhi nilipofungua sahani ya maji ya Chande, nilikaa chini. Bakteria alikuwa ametanda kijani sahani nzima, na katikati yake kulikuwa na matobo, mengi, safi, ya duara, kama kanga iliyoliwa na nondo. Kila tobo ni mahali ambapo yule aliyezishinda dawa zote alikuwa ameliwa. Nimeona mengi maishani, nimeona theluji, nimeona watoto wangu wakizaliwa. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kuliko kile. Nikampigia Dokta Aneth. Alikuja akiwa bado na kofia ya chumba cha upasuaji, akainama juu ya sahani, akapiga picha kwa simu.

"Mzee wangu," alisema, "hii umeifanya wewe?"

"Mimi na choo cha Tandika."

Kila siku nikitoka maabara nilipita wodini kuangalia mstari. Wekundu ulikuwa umekaa chini yake, hausogei. Dunstan aliuita mpaka wa Msumbiji. Nikimaliza kusafisha dawa nitavuka, nilimwambia, na yeye akajibu nisivuke bila pasipoti.

Kabla ya siku ya kuosha kidonda nilichukua sampuli mpya, kama jopo lilivyotaka. Niliona ni urasimu. Nilikuwa na hakika. Asubuhi nikafungua kifuniko, nikavuta hewa, na mabibo hayakuwepo.

Sahani ilikuwa imejaa bakteria wa rangi ya waridi, wanono, wanaovutika kama mlenda ukiwagusa kwa sindano ya kuoteshea. Wa kijani alikuwa amebaki pembeni, mmoja mmoja. Bakteria hawa wapya nikawadondoshea virusi wangu. Nikangoja. Hakuna tobo hata moja. Virusi wangu walikaa juu yao bila kuwagusa. Nilijaribu na dawa za kawaida pia, na huyu naye alikuwa ameota mpaka kwenye karatasi.

Nilipanda wodini mbio, na mie si mtu wa kukimbia. Felista alikuwa anamlisha mumewe uji.

"Felista, nani anafungua hiki kidonda?"

"Si manesi? Kila asubuhi."

"Na nani mwingine?"

"Mie." Hakuficha. Alisema kama mtu anavyosema amefua shuka. "Jioni wageni wakiondoka namfungua kidogo, namwekea rangi mbili, namfunga."

"Nani kakwambia umwekee?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kaka, si wewe ulisema dawa za hospitali zote zimeshindwa? Hizi si za hospitali. Nimenunua hapo nje ya geti. Nikasema, wakati kaka anatafuta ya kwake, hii imsogezesogeze."

Maganda ya kapsuli alikuwa ameyaweka kwenye kikopo cha maziwa chini ya kitanda, kwa sababu yeye ni msafi na hakutaka kuchafua wodi.

Niwaeleze kilichotokea, maana yeye nilishindwa kumweleza. Unga ule haukumgusa bakteria wa kijani, alikuwa ameshauzoea. Uliua wale wanyonge wanaokaa naye, wasio na madhara, ukaacha nafasi. Na bandeji inayofunguliwa kwa mikono iliyotoka kushika mlango, beseni na kitanda cha jirani, ikamkaribisha bakteria mwingine wa wodini, sugu kama yule wa kwanza, akakuta nafasi wazi akaijaza. Nilikuwa nimemtengenezea shemeji yangu ufunguo wa mlango, na mlango ulikuwa umebadilishwa kitasa.

Felista hakufanya ujinga. Alifuata maneno yangu. Nililieleza jopo, nilimweleza daktari, hata Chande nilimweleza kwa kirefu virusi hawa wanakula nini na hawali nini. Mtu aliyekuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda kile, akimgusa mgonjwa kuliko sisi sote, nilimpa majigambo tu.

Nikamwomba Dokta Aneth aniongeze muda, niwinde mwingine. Hakubishana. Alifunua shuka akaniambia, "Tazama mwenyewe, mzee wangu." Wekundu ulikuwa umeugusa mstari, na upande wa ndani ulikuwa umeuvuka kwa upana wa kidole. Dunstan alikuwa anatetemeka kwa homa na hakuwa na utani wowote.

Alikata mchana uleule. Goti aliliokoa, kwa shida.

Sasa mnajua kwa nini mkija hapa Tegeta kuniuliza kama ni kweli virusi wanatibu, nachelewa kujibu. Ni kweli. Niliwaona wakila. Lakini siku hizi, kijana akinionyesha sahani yenye matobo mazuri, swali langu la kwanza ni nani anamfunga mgonjwa bandeji, na ameambiwa nini, na kwa maneno gani. Wengi wanaanza kunieleza habari za chujio.

Kabla ya kustaafu nilijaza nusu rafu ya friji. Virusi wa Dunstan ndio walikuwa wa kwanza, kisha wengine wachache, wote wa Chande. Nasikia friji ile sasa imewekwa chanjo. Sijaenda kuuliza chupa zilipelekwa wapi, maana najua nitajibiwa nini.

Lakini wakati ule nilikuwa bado kazini, na Dunstan alikuwa ameshatoka hospitali. Nilikwenda kumsalimia kwao Tabata. Alikuwa amekaa kwenye kochi, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, redio inapiga kelele za mpira. Felista akatuletea chai. Tulizungumza mambo ya ushabiki wa timu mpaka yakaisha.

"Shemeji," akasema, "wale wadudu wako uliwatupa?"

"Siwezi kuwatupa. Wako kwenye friji."

"Wanakula nini sasa?"

"Nawaoteshea yule bakteria wako wa kijani. Nilimhifadhi. Bila yeye hawazaani."

Alifikiri kidogo, kikombe mkononi. "Kwa hiyo usaha wangu bado upo kazini."

"Upo."

"Mie bandarini wamenipa barua ya kuniaga," alisema, "na usaha wangu umeajiriwa serikalini."

Akacheka mpaka akajishika kwenye mkono wa kochi asianguke, na mie nikacheka naye kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya. Felista hakucheka. Alikusanya vikombe, changu kikiwa bado na chai, akaenda navyo jikoni, na tukasikia bomba likifunguliwa na kuachwa wazi kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kuosha vikombe.